Picha ya ukurasa wa kati na jicho langu la kushoto

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita mlichapisha makala ndefu kuhusu namna ya kufungua na kusafisha bunduki nyumbani, kwa wale wanaozimiliki kihalali. Ni makala nzuri, na sisemi hivyo kwa kuwapaka mafuta. Mwandishi ameeleza kwamba magazini, kile kisanduku cha risasi, hutolewa kwanza ndipo chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ifunguliwe, wala si kinyume chake, maana ukivuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Amesema chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Amesema risasi zote zihamishiwe chumba kingine kabla hujagusa hata kitambaa. Yote sawa.

Kisha nikaitazama picha ya ukurasa wa kati. Mwanamume ameinama mezani chini ya taa, bastola imefunguliwa mbele yake, springi iko mkononi, na uso wake uko karibu nayo kiasi kwamba angeweza kuipuliza. Macho matupu. Nikairudia makala yote kutoka mwanzo nikitafuta neno miwani. Halimo.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Nimefanya kazi karakana miaka 31, na katika ile 11 ya mwisho nilikuwa msimamizi wa zamu, mtu ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kumrudisha mlangoni kila aliyeingia bila miwani ya usalama. Nilikuwa mkali. Vijana walinipachika jina, Mzee Miwani, wakidhani silijui. Basi huyo Mzee Miwani ndiye aliyepigwa jicho la kushoto na kipini, yaani pini ndogo ya bastola, kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, nyumbani kwake, mezani kwake, saa 2 usiku, bastola ikiwa tupu kabisa. Naandika hasa kwa sababu ya huo utupu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kulenga shabaha. Uwanjani nilivaa miwani tangu nafika mpaka naondoka, na asiyevaa haruhusiwi kukaribia mstari wa kufyatulia. Nyumbani nikafanya yale yote aliyoyaandika mwandishi wenu. Magazini nje. Slaidi nyuma. Nikachungulia chemba, nikatia kidole cha mwisho, nikachungulia tena. Risasi zilikuwa kabatini chumba cha pili, ufunguo mfukoni mwangu. Sasa hapo ndipo jambo linapoanza. Mtu akishahakikisha kwamba bunduki ni tupu, mwili wote hulegea. Mabega yanashuka. Unajiona umeshavuka mto, kilichobaki ni usafi tu, kama kupiga viatu rangi.

Springi kubwa, ile inayorudisha slaidi mbele, ilitoka vizuri. Hiyo kila mtu anaiheshimu kwa sababu inaonekana: ni nene, ni ndefu, ukiibana unaisikia ikisukuma kiganja. Nikafuta masizi, nikapaka mafuta. Ningeishia hapo, leo pasingekuwa na barua. Lakini kitufe cha usalama kilikuwa kinasuasua kidogo, nikajiambia, ngoja nikitoe nikione kina nini. Chini ya kitufe kile kuna kipini, na chini ya kipini kuna kispringi chembamba kama kile cha kalamu ya kubonyeza. Kijitabu cha bastola kinasema wazi kwamba usafi wa kawaida unaishia kwenye zile sehemu chache kubwa; zilizobaki ni za fundi. Kwani mimi si fundi? Nilijiuliza swali hilo, na mwenye kujibu nikawa mimi mwenyewe.

Sioni mbali tangu nikiwa mwanafunzi. Wenzangu wa aina hii wanalijua hili: tukitaka kuona kitu kidogo sana, hatuvai miwani, tunaivua, halafu tunakisogeza kitu mpaka karibu na pua. Kwa hiyo miwani yangu ya kawaida ilikuwa kwenye paji la uso. Bisibisi ndogo mkono wa kulia, fremu ya bastola mkono wa kushoto, na jicho la kushoto liko umbali wa sentimita 15 hivi, juu kabisa ya kile kitundu. Nikakibonyeza kipini. Bisibisi ikateleza.

Sikupata maumivu kwanza. Nilisikia "ti", sauti ndogo, kama ukucha unaogonga kioo, halafu kitu kikadondoka sakafuni mbali, upande wa dirisha. Ndipo jicho likajifumba lenyewe na machozi yakaanza kumiminika. Nilipolifungua kwa vidole, taa ilikuwa ndani ya ukungu mwekundu.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko jicho lenyewe. Mjukuu wangu wa miaka 6 alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, kidevu kimeegemea ukingo, akitazama babu anafanya nini. Mimi nilikuwa naitazama bastola kutoka juu. Yeye macho yake yalikuwa kwenye usawa wake. Mke wangu alipoingia akanikuta nimeshika uso, hakuniuliza chochote. Alimchukua mtoto kwanza, akamgeuzia kwenye mwanga, akamkagua jicho moja, kisha la pili. Alipomaliza ndipo akanigeukia. "Baba Salma, na wewe?"

Daktari wa macho alinieleza kwamba damu ilikuwa imevuja kwenye chumba cha mbele cha jicho, ile nafasi iliyopo kati ya konea, ambayo ndiyo kioo cha mbele, na kile kiduara chenye rangi. Ilikuwa imetuama chini, mstari mwembamba, kama maji mekundu yaliyobaki kwenye kitako cha glasi. Nikawekewa kigamba kigumu juu ya jicho. Nikaambiwa nilale kichwa kikiwa kimeinuliwa, nisiiname, nisibebe kizito, na nisimeze aspirini kwa ajili ya maumivu kwa sababu inazuia damu kuganda. Siku 5 za kwanza, alisema, ndizo za kuchunga, maana damu inaweza kuvuja upya, na ya mara ya pili mara nyingi huwa nyingi kuliko ya kwanza.

Haikuvuja. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kusoma gazeti lenu tena kwa macho mawili. Lakini pigo lile liliumiza kwa ndani ile pembe ambayo maji ya ndani ya jicho hupitia kutoka nje, kwa hiyo kila mwaka napimwa presha ya jicho, na nitaendelea kupimwa mpaka mwisho wa maisha yangu. Presha ya namna hii inaweza kuja miaka mingi baada ya pigo, kimyakimya, bila kuuma, ikala mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kuona kukipungua kuanzia pembeni. Daktari alisema nina bahati kwamba kipini kilikuwa na kichwa cha mviringo. Sikumuuliza chenye ncha kingefanya nini, nilikuwa najua.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili kwa akili ya fundi. Springi ni ghala la nguvu. Ukiibana unaweka akiba. Ukiiachia inatoa akiba yote mara moja, kwa yeyote aliyeko mbele yake. Springi kubwa ina mzigo mzito wa kusukuma, kwa hiyo mwendo wake una kiasi. Kispringi kina akiba ndogo, kweli, lakini anayeipokea ni kipini ambacho hata gramu moja hakifiki, na kitu chepesi kikisukumwa kinachomoka. Chukua hata mita 10 kwa sekunde, ambao si mwendo wa kutisha. Sentimita 15 zinakwisha kwa sehemu 15 za elfu za sekunde. Ukope wa binadamu unahitaji karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufunga tangu jicho lishtuke. Yaani ukope unapoanza kushuka, mgeni ameshaingia na kuketi. Watu huniambia, "Mzee, mimi ni mwepesi." Hakuna mwepesi katika hesabu hii.

Na bunduki imejaa vitu hivi. Kiko kimoja chini ya kitufe cha kutolea magazini. Kiko nyuma ya ule ukucha unaolivuta ganda la risasi kutoka chemba. Pini inayogonga fataki ina springi yake ndani ya bolti, kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, na hiyo si ya mchezo. Hata magazini yenyewe: ukitelezesha bamba la chini bila kulikingia kidole gumba, springi ndefu ya ndani inatoka nalo. Rafiki yangu mmoja wa uwanjani ana kovu la bamba hilo kwenye nyusi. Analiita pambo. Sentimita 2 chini zaidi na lingekuwa na jina jingine.

Hayo ni ya springi. Kuna ya maji, ambayo watu wengi hawayahesabu kabisa.

Unapousafisha mtutu kwa brashi, unalowanisha brashi kwa dawa ya kuondolea masizi, unaisukuma kutoka upande wa chemba mpaka itokeze mdomoni. Ndani ya mtutu nywele za brashi zimelala, zimebanwa. Zikifika mdomoni zinafunguka zote kwa pamoja, na ule unyevu unarushwa mbele na pembeni kama mbwa anavyojikung'uta akitoka majini. Nawe uko wapi wakati huo? Mara nyingi umeinamia palepale, unataka kuona brashi imetoka na nini. Nimeona ukutani kwangu, mbele ya mahali ninapofanyia kazi, madoa madogo meusi yaliyotawanyika kama chunjua. Yako usawa wa kifua na uso. Nilikuwa nikiyaona kwa miaka na kuyaita uchafu.

Mikebe ya kupuliza ni hivyo hivyo. Ukielekeza mrija kwenye kitundu cha slaidi, dawa inaingia, inagonga ukuta wa ndani na kurudi kwa njia ileile iliyoingilia, ikiwa imebeba masizi na chembe za risasi za zamani. Hizo dawa si sawa zote. Nyingine ni mafuta tu, zinawasha na kupita. Lakini zile za kutolea shaba iliyoganda ndani ya mtutu, nyingi zina amonia, na amonia ni alkali. Watu huogopa asidi kwa sababu ya jina lake, kumbe kwa jicho alkali ndiyo mbaya zaidi: asidi ikigusa konea inaigandisha juu, na kule kuganda kunazuia kidogo nyingine isipite, alkali inayeyusha njia na kuendelea kuzama.

Sasa nyundo. Hapa nitarudi karakana kidogo, mniwie radhi. Kuna pini za bunduki zinazotoka kwa kugongwa, nyingine zimeshika miaka, zina kutu. Mtu wa nyumbani hana panchi, kile kijiti cha kugongea pini, ya saizi yake, anachukua msumari, au panchi kuukuu ambayo kichwa chake kimepasuka pembeni na kujikunja kama uyoga. Anagonga chuma kigumu kwa chuma kigumu. Kipande kinabanduka, chembamba kama gamba la samaki, na makali yake hayana mfano. Zamani kwetu kijana mmoja alipigwa na kipande cha namna hiyo. Alisema mdudu ameingia jichoni. Akapangusa, akafanya kazi mpaka jioni, na jioni akawa anaona vizuri tu. Kipande kilikuwa kimepita konea na kukaa ndani, kidogo mno hata kidonda chake kilikuwa kimeshajifunga. Chuma kikikaa ndani ya jicho kinatoa kutu, na kutu ile ni sumu kwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Yule kijana alikuja kuambiwa ana chuma baada ya miezi, alipoanza kulalamika kwamba usiku haoni. Kwa sababu hiyohiyo, mtu yeyote aliyewahi kugonga chuma na kuhisi "mdudu" amwambie daktari kabla hajaingizwa kwenye kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, maana sumaku ile inaweza kukivuta kipande kikatembea ndani ya jicho.

Dawa yake si ngumu. Panchi ya shaba au ya nailoni pale inapowezekana, yenye saizi ya pini. Kichwa kilichojikunja kinolewe kwanza hadi kiwe safi. Na bunduki ikae imara kwenye jiliwa yenye mbao au ngozi, si kushikwa kati ya magoti.

Kabla sijasema habari ya miwani, nimkumbushe msomaji mtu mmoja. Louis Braille, ambaye vipofu wa dunia nzima wanasoma kwa nukta zake, hakuzaliwa kipofu. Alizaliwa 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, baba yake akiwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3 alikuwa akicheza kwenye karakana ya baba, akashika msharasi, ukateleza, ukamchoma jicho moja. Jicho moja. Kabla hajatimiza miaka 6 alikuwa haoni kwa yote mawili. Madaktari wanaijua hali, si ya kawaida lakini ipo, ambayo jicho zima huwaka na kuvimba kwa sababu ya mwenzake aliyetobolewa. Nikimfikiria yule baba, namwona kwenye meza yake, chombo kimoja kimeachwa wazi, mtoto ana urefu wa kufikia ukingo.

Miwani, basi. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Kwani hii niliyonayo ya kusomea si inatosha?" Haitoshi. Miwani ya kawaida imetengenezwa ili uone, haikutengenezwa ipigwe. Lenzi ikiwa ya kioo inaweza kuvunjika na kuwa silaha ya pili. Pembeni iko wazi. Miwani ya jua vivyo hivyo. Ya usalama ina lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu, na imepewa mtihani, na cheti chake kimeandikwa juu yake yenyewe: ya vipimo vya Marekani ina alama Z87+, na ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imepigwa na kustahimili, nyingi za vipimo vya Ulaya zilizoko mikononi mwa watu zina EN 166 ikifuatwa na herufi, F au B. Katika mtihani wa F wanairushia lenzi golori ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Hakuna kispringi cha bastola kitakachokupa golori ya namna hiyo. Kwa anayevaa miwani ya macho kama mimi, kuna ya kuvaa juu ya nyingine, na kuna inayotengenezwa kwa namba za macho yako. Mimi nilichagua hii ya pili, yenye namba ya karibu tu, ya kuonea mezani. Na hapa ndipo lilipokuwa kosa langu lote: ningeiona kazi vizuri nikiwa nimevaa, nisingekuwa na sababu ya kuvua.

Kichekesho ni kwamba wengi wetu miwani hiyo tunayo tayari. Ni ileile ya uwanjani. Tunaivua tukiingia garini, inakaa kwenye begi pamoja na vizibo vya masikio, na begi linawekwa sakafuni, hatua 2 kutoka kwenye meza ya kusafishia.

Jambo moja linalosahaulika: ukiinama mezani, miwani inateleza kwenye pua na nafasi inafunguka kwa chini, na wewe kitu chako kinatokea chini. Jaribu mbele ya kioo. Kama unaona vidole vyako vinapita kati ya shavu na fremu, tafuta yenye kukaa vizuri au ifunge kamba nyuma ya kichwa. Kwa dawa za amonia na mikebe ya kupuliza, miwani ya wazi haitoshi. Vaa ile iliyozunguka jicho lote na kugusa ngozi, yenye matundu ya hewa yaliyokingwa ili tone lisipite. Na usiifute kwa dawa ya bunduki wala asetoni. Polikaboneti ni hodari kwa kupigwa lakini ni dhaifu kwa kemikali, inapasuka nyufa ndogondogo usizoziona. Sabuni na maji yanatosha, na ikishakwaruzika uibadilishe, kwa sababu miwani isiyoonyesha vizuri itavuliwa tu.

Kuna mbinu moja ya mafundi wa bunduki ambayo ningependa mwandishi wenu angeiandika, maana ni rahisi mno. Chukua mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha. Ingiza sehemu yenye springi ndani, ingiza na mikono yako, ufungulie humo humo. Kikiruka kinagonga plastiki na kuanguka chini ya mfuko. Unalinda jicho, na pia hutapiga magoti saa nzima na tochi ukitafuta kipini chini ya kabati. Kile changu, kwa taarifa yenu, sijakipata hadi leo.

Pasipo mfuko, funika kwa kidole gumba au kitambaa kabla hujabonyeza, na uelekeze kitundu mahali pasipo na uso wa mtu. Mlango ufungwe. Kwangu mtoto haingii tena chumbani wakati wa kazi hii, hata alie vipi, na mtu mzima akitaka kuniongelesha anaongea akiwa mlangoni au anavaa miwani ya pili iliyoning'inia pale kwenye msumari.

Ikitokea ajali pamoja na yote hayo, mambo ni mawili na hayafanani. Dawa ikiingia jichoni, maji, hapo hapo, bila kusoma lebo kwanza na bila kumpigia mtu simu. Maji safi yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, dakika 15 hadi 20 kwa saa, si kwa kukisia. Kama una lenzi za kuvaa ndani ya jicho, zitoe huku ukiendelea kuosha. Usitafute kitu cha kuua ukali wa dawa. Baada ya hapo ndipo uende hospitali, na uichukue chupa uende nayo. Lakini kama kuna kitu kimechoma jicho au unahisi kimeingia, usioshe, usikichomoe, usipangushe, usibonyeze. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiweke juu ya jicho kiegemee mifupa ya pembeni bila kugusa jicho, kibandike kwa utepe, uondoke kwenda hospitali. Mimi nilifanya kosa lililo rahisi kuliko yote: nilipikicha. Daktari alijua kabla sijamwambia.

Nilipowasimulia wenzangu uwanjani, mmoja alicheka. "Mzee, sasa utavaa na helmeti ukisafisha?" Si mtu mbaya. Ndiye yule mwenye pambo kwenye nyusi. Nilimwambia alete bastola yake tuifungue pamoja, akaja, nikampa miwani mlangoni, akaivaa huku ananung'unika. Katikati ya kazi kispringi kikachomoka mikononi mwake, hatukuona kilikoenda. Alinyamaza kitambo, kisha akasukuma miwani yake juu ya pua kwa kidole cha kati, ikae vizuri, akaendelea.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Makala ile nimesikia mtaichapisha tena kwenye toleo maalumu. Msiiongezee kurasa. Pale alipoandika kwamba risasi zihamishiwe chumba kingine, ongezeni sentensi moja ya miwani, iwe kabla ya bunduki kufunguliwa. Na yule bwana wa picha mwiteni tena, akae meza ileile chini ya taa ileile, ila safari hii aivae, na springi aishike mbali kidogo na uso.

Mzee Miwani
Fundi mitambo mstaafu